Kabati la Vitabu Lisifungwe: Utetezi wa Euphrase Kezilahabi



Wapendwa katika Bwana, juma hili naomba mniwie radhi nisiyatafakari masomo ya Dominika. Kuna hoja inayozunguka katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, nami nimeona si vema mchungaji akae kimya huku kondoo wakibishana gizani. Hoja yenyewe ni kwamba vitabu vya marehemu Euphrase Kezilahabi viondolewe katika kabati la vitabu la parokia, kwa kuwa vinawaharibu vijana, vinaidhoofisha imani, na tena havieleweki. Wanaoitoa hoja hii ni watu wema: wazazi, makatekista, na akina mama wa WAWATA ambao hakuna anayetilia shaka mapendo yao kwa Kanisa. Kwa hiyo nitawajibu kwa heshima. Lakini nitawajibu waziwazi, kwa sababu naamini wamekosea, na kosa lenyewe lina gharama ambayo watakaoilipa ni watoto wao.

Kwanza, tumjue mtu tunayemshtaki. Kezilahabi alizaliwa tarehe 13 Aprili 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma shule ya misheni, kisha akaingia seminari ya Nyegezi, Mwanza, alikokaa miaka mingi ya ujana wake. Hakuendelea na njia ya upadre. Alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970, na mwaka uliofuata, akiwa kijana wa miaka 27, akachapisha riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika. Mwaka 1974 zikafuata Kichwamaji na diwani ya mashairi iitwayo Kichomi. Mwaka 1975, Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka 1979, Gamba la Nyoka. Baada ya hapo akakaa zaidi ya miaka kumi bila kutoa riwaya, na alipoirudia kazi hiyo alikuja na vitabu viwili vyembamba visivyofanana na chochote kilichowahi kuandikwa kwa Kiswahili: Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991. Mwaka 1995 alikwenda kufundisha Botswana. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 75.

Sambamba na kazi hiyo ya kubuni alikuwa na kazi nyingine, ile ya kuhakiki sanaa. Mwaka 1976 aliandika tasnifu ya shahada ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Naomba mlishike jambo hili, kwani ndilo litakaloniongoza katika utetezi huu: tunayemzungumzia ni mtu aliyeandika na papo hapo akapima maandishi. Mtu wa namna hiyo hamezi maneno ya wengine, wala hatarajii wengine wayameze maneno yake. Aliandika ili apimwe. Kumfungia kabatini ni kukataa kazi ileile aliyotuachia.

Sasa tuyachukue mashtaka, moja baada ya jingine.

SHTAKA LA KWANZA: Rosa Mistika ni kitabu kichafu.

Hili si jipya. Kitabu hicho kilipotoka kilizuiwa kisisomwe mashuleni, na wapo waliofurahi. Tena jina lake liliwaudhi wengi, kwa sababu Rosa Mistika, yaani Waridi lenye fumbo, ni moja ya sifa za Mama Bikira Maria tunazozitaja katika Litania ya Loreto. Inakuwaje jina takatifu namna hiyo apewe msichana aliyeanguka, akatoa mimba, na mwishowe akajiua?

Nawauliza wenye hasira: mmekisoma chote? Kwa maana aliyekisoma chote anajua kwamba hadithi ile haianzi na dhambi ya Rosa. Inaanza na nyumba. Katika nyumba hiyo yumo baba mlevi, Zakaria, na mama mvumilivu, Regina. Binti anapata barua kutoka kwa mvulana, na baba anampiga kipigo ambacho kinamwachia hofu mahali pa maadili. Rosa haambiwi lolote kuhusu mwili wake, wala upendo, wala heshima aliyo nayo mbele ya Mungu. Anafundishwa kuogopa tu. Anapofika mbali na fimbo ya baba yake, hofu inayeyuka, na chini yake hakuna kitu. Kila mwanamume anayekutana naye anachukua anachokitaka, kisha anakuwa wa kwanza kumhukumu. Na mwishoni mwandishi anampeleka Rosa pamoja na baba yake mbele ya kiti cha hukumu cha Mungu, ili lile swali ambalo kijiji hakikuthubutu kuliuliza liulizwe huko: kosa hili ni la nani?

Wapendwa, hicho ndicho kitabu kichafu? Kama ni hivyo, basi tuanze kuchana kurasa za Biblia. Tuchane habari za Daudi na mke wa Uria. Tuichane sura ya 13 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, ambamo Amnoni anamnajisi dada yake Tamari, na baba yao Daudi anakasirika lakini hachukui hatua yoyote. Roho Mtakatifu hakuona haya kuyaacha mambo hayo yaandikwe, kwa sababu dhambi inayofichwa haitibiwi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Na sisi wa huku Kakonko, Kibondo na Kasulu tusijifanye watu wa mbali katika jambo hili. Kwa miaka mingi binti wa nchi hii aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mwaka 2017 ikatamkwa hadharani na mamlaka ya juu kabisa kwamba hatarudi tena. Ilitubidi tungoje hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba mabinti hao wanaweza kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Katika miaka hiyo yote, ni mara ngapi tuliuliza habari za baba wa mtoto? Ni mara ngapi katika vikao vyetu tulimtaja binti kwa jina, na mwanamume tukamwita "yule bwana"? Kezilahabi aliliandika jambo hili mwaka 1971, miaka 50 kabla ya tangazo hilo. Tungalimsoma badala ya kumwogopa, labda mabinti kadhaa wangalitendewa kwa haki zaidi.

Tena kuhusu jina. Mimi nasoma jina lile kama shtaka dhidi yetu: huyu mliyempa jina la Mama wa Mungu siku ya ubatizo, mlimlinda namna gani? Swali hilo halimtukani Bikira Maria. Linatuumbua sisi tunaosali Litania yake asubuhi na kumpiga binti jioni.

SHTAKA LA PILI: Kezilahabi anamkana Mungu.

Hapa washtaki wana hoja nzito zaidi, na sitaki kuikwepa. Ni kweli kwamba katika Kichwamaji yule msomi Kazimoto haoni maana ya maisha, na anaishia kujiua. Ni kweli kwamba katika Gamba la Nyoka yumo Padri Madevu, na picha yake si ya kututia fahari sisi tuliovaa kanzu. Ni kweli pia kwamba Nagona na Mzingile zinauliza maswali juu ya Mungu, juu ya ukweli na juu ya dini, ambayo katekisimu ya Komunyo ya Kwanza haiwezi kuyajibu.

Lakini kuuliza si kukana. Ayubu aliuliza. Mhubiri aliuliza. Bwana wetu mwenyewe akiwa msalabani aliuliza kwa sauti kubwa kwa nini ameachwa, na swali hilo tunalisikia kila Ijumaa Kuu bila kumwita mkufuru. Msomaji anayesoma Kichwamaji haoni Kazimoto akitukuzwa. Anaona kijana mwenye elimu nyingi asiye na mahali pa kuuweka uzito wa moyo wake, akizama mbele ya watu ambao hawakumwona. Kanisa nalo, katika Katekisimu ya mwaka 1992, halikati tamaa juu ya wokovu wa waliojiua, na linawaombea. Yupo asiyejua kwamba katika vijiji vyetu wamo vijana wanaofanana na Kazimoto? Ni afadhali nimkute kijana huyo akiwa na kitabu mkononi na swali mdomoni, kuliko nimkute siku ya maziko yake.

Sasa tuje Nagona na Mzingile, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyotajwa kwa hofu kuu, hasa na watu ambao hawajavifungua.

Kiswahili kina ukoo mdogo wa riwaya zinazoiacha dunia tuijuayo na kubuni nyingine. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, ambamo anayeomba elimu ya sheria anashtakiwa kama mhaini. Mkenya Katama Mkangi, ambaye serikali ya nchi yake ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani, alitoa Walenisi mwaka 1995: hukumu ya kifo inageuka kuwa safari ya chombo cha angani hadi kwenye dunia yenye haki, na jina lenyewe ukilitenganisha unapata "wale ni sisi". Kyallo Wadi Wamitila, naye mhakiki kama Kezilahabi, alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Wengine huziita riwaya hizi za kisayansi, wengine za kindoto, wengine za majaribio. Sitagombea jina. Katika Nagona na Mzingile hakuna roketi. Kilichomo ni kile ambacho riwaya bora za aina hiyo hukifanya popote duniani: zinaiondoa dunia tuliyoizoea ili tuone ni nini kinachobaki.

Katika Nagona msafiri anapita katika nchi ya ukimya, na njiani anakutana na wanafikra waliotikisa dunia: Plato, Hegel, Marx, Freud, Nietzsche. Kila mmoja aliwahi kudai anao ufunguo, lakini mlango haujafunguka. Katika Mzingile tunaona dunia iliyoteketea, na mwanadamu anatembea katika mabaki yake kama mtu aliyepotea katika njia zinazojirudia.

Je, hiyo ni kazi ya shetani? Mwaka 1907 padre Mkatoliki wa Uingereza, Robert Hugh Benson, aliandika riwaya ya nyakati zijazo iitwayo Lord of the World, juu ya dunia iliyomfukuza Mungu kwa jina la ubinadamu. Hayati Papa Fransisko aliwahimiza watu waisome. Mmarekani Walter M. Miller alikuwa mwendesha redio na mpiga bunduki katika ndege za vita, na alishiriki katika kuibomoa kwa mabomu abasia ya Wabenedikto ya Monte Cassino mwaka 1944. Baada ya vita aliingia Kanisa Katoliki, na mwaka 1959 akachapisha A Canticle for Leibowitz, kuhusu watawa wanaookoa vitabu baada ya dunia kuchomwa kwa silaha za nyuklia. Hakuna askofu aliyewakemea hao kwa kuichoma dunia katika karatasi. Mbona Mwafrika wa Ukerewe akifanya hivyo tunamwita mpagani?

Tena nasema kwamba kama wapo watu wenye haki ya kwanza ya kuisoma Mzingile, ni sisi wa Mtendeli. Wasomi wa mijini huisoma nchi iliyokufa kama fumbo. Sisi tumeiona kwa macho. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilifunguliwa upya Januari 2016, Nyarugusu ilipofurika Warundi waliokimbia vurugu za mwaka 2015. Watu walizaa hapa, wakazika hapa, wakasali hapa. Mwaka 2021 kambi ilifungwa, na waliokuwa wamebaki wakahamishiwa Nduta. Aliyepita mahali pale baada ya hapo anajua jinsi njia za miguu zinavyoendelea kuonekana wakati hakuna tena mguu wa kuzipita. Je, mtu kama huyo anahitaji profesa wa kumweleza maana ya mji ulioachwa? Vijana wetu wamebeba picha hizo vichwani bila maneno ya kuzisemea. Kezilahabi anawapa maneno, nasi tunataka kuwanyang'anya.

Nakiri jambo moja kwa washtaki, nao walichukue kwa haki. Pale ambapo Kezilahabi anamwacha msafiri wake, Mkristo hawezi kukaa. Sisi tunaamini kwamba kaburi lilikutwa tupu, na kwamba katikati ya mzingile yuko Mtu anayetuita kwa jina. Siwaombi muyakubali majibu yake, na mahali pengi yeye hakutoa jibu. Naomba msiogope maswali yake. Imani inayoweza kuangushwa na kitabu chembamba ilikuwa imeegemea nini?

SHTAKA LA TATU: aliharibu sanaa ya washairi wetu.

Hili lina watetezi hasa miongoni mwa wazee wetu wapenda mashairi, nami nalielewa, kwa kuwa linahusu heshima ya mkoa wetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji hapa hapa Kigoma, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, ndiye aliyetuandikia mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi. Vina, mizani, vituo: aliyatia mambo haya katika mpangilio ambao vizazi vimejifunza. Kisha mwaka 1974 anatokea kijana wa Ukerewe na Kichomi, mashairi mengi yasiyo na vina wala mizani, akidai kwamba ushairi ukaribie usemi wa kila siku wa watu. Ugomvi ulikuwa mkali. Wapo waliosema hayo si mashairi hata kidogo.

Mimi nampenda Amri Abedi, na wala sioni sababu ya kumvua kilemba ili nimvike mwingine. Lakini nawaomba wazee wangu mfungue Zaburi. Hizo tunazoziimba kila siku katika Liturujia hazina vina vya kati wala vya mwisho, hazina mizani kumi na sita. Washairi wa Kiebrania walijenga kwa njia nyingine: wazo linasemwa, kisha linarudiwa kwa sura mpya, au linapingwa na mstari unaofuata. Nani kati yetu atasema Zaburi si mashairi? Basi ushairi una nyumba nyingi. Sheria za Amri Abedi ni sheria za nyumba moja tukufu. Hazikuwa ukuta wa kuuzunguka ulimwengu wote.

Na hapa ndipo unapomwona Kezilahabi mhakiki akimsaidia Kezilahabi mtunzi. Hakuacha vina kwa uvivu. Alikuwa amewasoma waliomtangulia, na alimchambua Shaaban Robert kwa kurasa nyingi kabla ya kwenda mbali naye. Aliyevunja desturi akiwa anaijua ana haki ya kusikilizwa kuliko anayeilinda bila kuisoma. Siku hizi nawasikia vijana wanaoponda utenzi bila kuwahi kumaliza hata mmoja, na wazee wanaoponda mashairi huru bila kuwahi kusoma hata moja. Wote wawili wanafanya kosa lilelile.

SHTAKA LA NNE: havieleweki, havina faida kwa mkulima.

Shtaka hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linajidai kuwatetea wanyonge kumbe linawadharau. Linasema kwamba mtu wa jembe, anayelima mihogo na maharage huku kwetu, hana haja ya kitabu kinachofikirisha. Apewe hadithi fupi yenye funzo mwishoni, inatosha. Nani aliyewaambia kwamba mkulima hafikiri? Bwana wetu alisema na wavuvi na wakulima kwa mafumbo, na mara nyingi hata mitume hawakuelewa papo hapo. Hakuwapunguzia fumbo. Aliwaacha walibebe hadi siku ya kulielewa.

Nami nawajua wazazi wanaokataa vitabu hivi kwa kuwa ni vigumu, na papo hapo wanawanunulia watoto vijitabu vya muhtasari ambamo riwaya nzima imegeuzwa kuwa orodha ya dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani. Kijana anamaliza kidato cha nne akijua "dhamira tano" za kitabu ambacho hakuwahi kukishika. Huo ndio uharibifu wa vijana! Tunamfundisha mtoto kusema asichokiona, kusifu asichokisoma, na kulaani asichokijua. Kisha tunashangaa akiwa mtu mzima anapopiga kura hivyohivyo, anapochagua mchumba hivyohivyo, na anapolihama Kanisa hivyohivyo kwa maneno ya mhubiri wa kwanza mwenye kipaza sauti.

Wapendwa, Kanisa letu liliwahi kuwa na orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Ilianza mwaka 1559, ikadumu kwa zaidi ya miaka 400, na Papa Paulo VI akaiondoa nguvu mwaka 1966. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati ya Gaudium et Spes, ibara ya 62, ulikuwa umetufundisha kwamba fasihi na sanaa zina nafasi kubwa katika maisha ya Kanisa, kwa kuwa zinajaribu kuielewa hali ya mwanadamu, shida zake na matumaini yake. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua nzima. Mwezi Julai 2024 Papa Fransisko, aliyewahi kuwa mwalimu wa fasihi ujanani mwake, aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, akiwataka mapadre na waamini wote wasome riwaya na mashairi. Roma imefungua mlango. Itakuwa ajabu sana ikiwa sisi wa Mtendeli tutaufunga kwa kufuli la dukani.

Tangu kale Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya nne, aliwaelekeza vijana Wakristo namna ya kuvisoma vitabu vya wapagani wa Ugiriki. Alitumia mfano wa nyuki, na wafuga nyuki wa misitu yetu wataufurahia: nyuki hatui juu ya kila ua kwa kiasi kilekile, wala halibebi ua zima. Huchukua kinachofaa kwa asali, kingine akakiacha. Basili hakuwaambia vijana wayakate maua.

Basi, huu ndio uamuzi wangu kama paroko wenu. Vitabu vitabaki. Havitapewa watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Hilo ni la busara na sijawahi kulipinga. Kwa vijana wa sekondari, VIWAWA na TYCS, nitaanzisha kikundi cha kusoma kila Jumamosi alasiri baada ya usafi wa kanisa. Tutaanza na Rosa Mistika, na nawaalika wazazi, hasa akina baba, waje kukaa na mabinti zao. Baada ya hapo tutasoma Mzingile polepole, ukurasa kwa ukurasa, hata ikituchukua hadi Majilio.

Na anayetaka kitabu fulani kiondolewe, mlango wa ofisi ya parokia uko wazi. Nina sharti moja tu: awe amekisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, aje nacho mkononi, anionyeshe mahali panapomkwaza, tukae tupasome pamoja. Nitamsikiliza. Pengine atanishawishi, kwa kuwa hakuna kitabu cha mwanadamu kisicho na dosari. Lakini asiyesoma asije. Hata mahakama ya Kusadikika ilimpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea. Marehemu Kezilahabi hawezi tena kusimama ajitetee; utetezi wake umo ndani ya vitabu, nasi tunataka kuvifungia.

Tumwombee marehemu mwalimu wetu Euphrase, kwamba yale aliyoyauliza duniani ameyapata mbele ya Yule ambaye haogopi kuulizwa. Raha ya milele umpe ee Bwana.

Mungu awabariki. Tuonane Jumamosi, na anayekuja aje na kalamu.

Ni mimi paroko wenu.